Mkasi

Mvua zimeanza hapa Kisumu. Jana asubuhi nimekuta majani ya waridi langu yametobolewa, kingo zimeliwa kama meno ya msumeno. Binti yangu alikuwa amesimama kando, mkasi mkononi. Nilifungua mdomo nikaufunga.

Huo mkasi naujua.

1992, kwa nyanya yangu, Shosho, kule Bahati. Ua lake la misipresi lilikuwa limegeuka rangi ya kutu. Vile vidukari vilivyoonekana Malawi 1986 vilikuwa vimefika kwetu 1990, na misipresi ya watu ikakauka boma baada ya boma. Akang'oa, akapanda waridi. Miche 14, aliihesabu kila asubuhi kama kuku. Ikaja Aprili, majani yakaanza kuwa na matundu. Mbuzi walikuwa wamefungwa. Nilibaki mimi, miaka tisa, na mkasi wa shule. Nikala patapata mbili za mgongoni.

"Si mimi, Shosho!"

"Basi ni malaika."

Usiku wa tatu akaniamsha. "Shika tochi. Usiwashe bado." Tukachuchumaa kwenye tope. Kwanza nilisikia tu, mkwaruzo mdogo mdogo, kama mtu anayekunja karatasi chumba cha pili. "Washa." Kila jani lilikuwa na mbawakawa, wa kahawia, ukubwa wa buni, wengine wamebebana mgongoni na bado wanakula. Shosho akawachuma mmoja mmoja, akawatumbukiza kwenye karai la maji ya sabuni. Miguu yao ina vijimiba. Iling'ang'ania vidole vyake mpaka akalazimika kuikung'uta kwenye ukingo wa karai. Alikuwa akihesabu kwa Kikuyu, chini kwa chini. Alipofika sitini akanyamaza.

Nikangoja aseme neno.

"Inua tochi kidogo."

Tulifanya hivyo wiki mbili. Mchana hulala udongoni, kwa hiyo tuliwafungulia kuku wachakure pale chini, wakala na wale funza weupe waliojikunja wanaotafuna mizizi. Miche tisa ilipona. Asubuhi ile ya kwanza niliwekewa mayai mawili kwenye sahani, na Shosho hakuwa mtu wa kutoa mayai mawili. Labda ndiyo ilikuwa samahani. Amefariki hatujawahi kuizungumzia.

Jana usiku nikatoka na tochi ya simu na karai. Nusu saa nzima, mbu wakinila. Sikuona hata mdudu mmoja.

Mkasi uko chini ya mto wake. Sijauliza.