Kutoka Langoni Hadi Kwenye Kipaza Sauti: Nilivyojifunza Kutangaza Hoki Runingani

Kwa miaka mingi nililinda lango la klabu ya hoki ya kampuni moja jijini Nairobi, kwa utaratibu ambao wachezaji wengi wa Kenya wanaufahamu: kampuni inakuajiri, asubuhi unakuwa kazini, jioni unakwenda mazoezini, na mshahara wako unategemea yote mawili. Goti lilipokataa kupona nilistaafu, na leo ninatangaza hoki runingani kwa Kiswahili. Ninaandika haya kwa sababu nimechoka kuwasikia wenzangu wanaostaafu wakipewa ushauri uleule niliopewa mimi, ushauri uliokaribia kunitoa katika kazi hii kabla sijaianza.

Ushauri wenyewe ulitoka kwa watangazaji wa soka, watu ninaowaheshimu. Waliniambia kwamba mtangazaji ni sauti: azungumze bila kukoma, aufuate mpira popote uendapo, amtaje kila anayeugusa, na bao likiingia apaze sauti kwa nguvu zake zote. Katika soka jambo hilo linawezekana, kwa kuwa mpira hukaa miguuni mwa mchezaji kwa muda wa kutosha kumtaja. Katika hoki, juu ya nyasi bandia zilizomwagiwa maji, pasi tatu hupigwa kabla hujamaliza kutamka jina la mchezaji wa kwanza. Siku niliyojaribiwa na kituo kimoja cha runinga nilifuata maelekezo yote kama nilivyopewa. Nilipokuwa nikisema kwamba beki anautoa mpira nje ya hatari, mpira ulikuwa umeshanaswa katikati ya uwanja, umerudishwa ndani ya duara, yaani eneo la kufungia lililo mbele ya goli, umemgusa mlinzi mguuni, na mwamuzi alikuwa amekwisha kunyoosha mikono yote miwili kuelekea goli kuashiria kona fupi, adhabu ambayo mshambuliaji huanzisha kwa kuusukuma mpira kutoka kwenye mstari wa nyuma. Mtayarishaji alinihimiza kwenye vipokea sauti niongeze kasi. Nikaongeza, na kadiri nilivyoharakisha ndivyo nilivyozidi kuachwa nyuma. Rekodi ya mechi hiyo ninayo hadi sasa, na anayeisikiliza bila picha hawezi kujua ni timu gani iliyokuwa ikishambulia. Mwishoni niliambiwa kwa upole, “Dada, pengine hoki haitangaziki.”

Hoki inatangazika, tena kwa lugha yoyote. Nchini Kanada, ambako huchezwa ile ya barafuni yenye kasi kubwa zaidi kuliko yetu, mechi za kipindi cha runinga cha Hockey Night in Canada zilianza kutangazwa kwa Kipunjabi mwaka 2008, na mwaka 2016 sauti ya mtangazaji Harnarayan Singh akilirudia jina la mchezaji Nick Bonino mfululizo baada ya bao lake katika fainali za Stanley Cup, kombe la ligi kuu ya hoki ya barafuni, ilisambaa kila mahali. Niliisikiliza nikiwa na hamasa kubwa, kwa sababu mtu aliyekulia katika hoki ya Kenya hawezi kusahau mchango wa Wapunjabi katika mchezo huu. Avtar Singh Sohal, beki wa Kenya mwenye asili ya Kipunjabi, alicheza Olimpiki nne, kuanzia 1960 hadi 1972, na kizazi chake ndicho kilichoifikisha Kenya nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza, lililofanyika Barcelona mwaka 1971, baada ya kufungwa bao moja tu na wenyeji Hispania katika nusu fainali. Nchi yenye historia kama hiyo inastahili kusikia mchezo wake ukitangazwa vizuri kwa Kiswahili.

Niliporudi nyumbani nilijiuliza swali moja: miaka yote nikiwa langoni, nilikuwa nikiutazama mpira? La. Kipa anayeutazama mpira peke yake hufungwa. Nilikuwa nikitazama nafasi zilizo wazi na mtu atakayepokea pasi, na nikizungumza mfululizo na mabeki wangu, nikiwaeleza kitu ambacho bado hakijatokea. Hiyo ndiyo kazi ya mtangazaji wa hoki. Sishangai kwamba Simon Mason, aliyekuwa kipa wa Uingereza katika Olimpiki za 1996, 2000 na 2004, aliingia katika utangazaji baada ya kustaafu. Kipa amezoea kuusoma uwanja mzima akiwa upande mmoja, na amezoea kusema sentensi fupi zinazoeleweka.

Kwa hiyo nilianza upya kwa njia yangu. Nilitazama mechi kwenye simu nikiwa nimezima sauti, nikajirekodi, kisha nikasikiliza bila picha. Gharama yake ilikuwa bando la intaneti tu, shilingi elfu chache ukijumlisha yote, na vipokea sauti vya kuazima. Mechi niliyoitumia zaidi ni fainali ya wanawake ya Olimpiki ya Paris 2024, ambapo China ilitangulia kufunga, Yibbi Jansen akaisawazishia Uholanzi kwa kona fupi, na Uholanzi ikashinda kwa mikwaju baada ya sare ya 1-1. Nilijiwekea sharti kwamba sitamtaja mwenye mpira isipokuwa anafanya jambo la maana; nitamtaja yule anayekwenda kuupokea. Ghafla nikawa na muda, na sauti ikatulia.

Sasa nifike kwenye jambo ninalojivunia kuliko yote. Kona fupi ndiyo roho ya hoki, na ndiyo inayowashinda watangazaji wengi. Walinzi wanne na kipa husimama nyuma ya mstari wa goli, na walinzi hao huvaa barakoa ngumu za kuzuia mpira usoni. Sura hazionekani, na namba iliyo mgongoni haisomeki kwa sababu wanakutazama. Ukiwa juu kwenye kibanda cha matangazo, wote wanafanana. Niliambiwa niseme tu “walinzi wanajiandaa”, ushauri ambao sikuukubali hata dakika moja, kwa maana anayetoka kwanza mbio kumkabili mpigaji ni shujaa wa tukio zima. Mpira unamjia kwa kasi ya kuvunja mfupa, naye anaukimbilia. Mtu kama huyo hatajwi kwa jina la jumla.

Nilichofanya ni hiki. Nilianza kufika uwanjani City Park mapema, wakati timu zinapasha misuli moto, nikiwa na kadi ngumu iliyokunjwa katikati, kila upande timu moja. Mbele ya kila jina niliandika kitu ambacho barakoa haiwezi kukificha: rangi ya utepe uliozungushiwa mpini wa gongo, glavu ya mkono wa kushoto, soksi iliyoteremka, mguu anaoutanguliza anapojiinamisha. Mpigaji wa mpira wa kuburuta, yule anayeukokota mpira kwa gongo kabla ya kuurusha golini, nilimtambua kwa kiatu, kwani mguu wa nyuma huburutwa chini kila anapopiga, na ncha ya kiatu cha kulia huwa imechakaa au imebandikwa kipande cha mpira. Mlinzi mmoja alikuwa na mazoea ya kugonga ardhi mara mbili kwa gongo kabla ya kutoka mbio, na glavu yake ilikuwa ya buluu. Katika mechi ya ligi, barakoa zikiwa usoni, nikaiona ile glavu na nikasikia moyoni yale mapigo mawili ya gongo. Nikamtaja kwa jina, nikaeleza kwamba yeye ndiye atakayetoka kwanza na kwamba atafunga njia ya upande wa kushoto. Alitoka, akaufunga upande huohuo, mpira ukamgonga kwenye gongo ukaruka nje. Tangu siku hiyo mwelekezi wa kamera huniuliza kabla ya kila kona fupi amwelekee nani.

Msaada mwingine upo ndani ya kanuni zenyewe. Kona fupi ikitolewa, saa husimamishwa kwa sekunde 40 ili timu zijipange. Watangazaji wengi huona sekunde hizo kuwa pengo la kujazwa maneno, nami huziona kama zawadi. Kwanza ninamweleza mtazamaji kosa lililotendeka, kwa sababu aliyezoea soka haelewi kwa nini mpira kugusa mguu ni kosa kubwa hivyo. Kisha ninamtaja mpigaji na mlinzi wa kwanza, na kukumbusha kwamba mpira lazima utoke nje ya duara kabla ya kupigwa golini. Anayeusukuma kutoka kwenye mstari akishainama, ninanyamaza kabisa. Mlio wa mpira ukigonga ubao wa goli hausahauliki, na mtazamaji ana haki ya kuusikia. Mtayarishaji wa kwanza alinikaripia kwa ukimya huo. Wa sasa huongeza sauti ya maikrofoni iliyo nyuma ya goli.

Mtazame mwamuzi kuliko unavyotazama skrini. Akiinua mguu na kuugusa kwa mkono, umeshajua kosa kabla marudio hayajaonyeshwa. Kadi za kijani, njano na nyekundu zisikuchanganye na za soka: ya kijani humtoa mchezaji kwa dakika 2, ya njano angalau dakika 5. Majina ya wachezaji waulize manahodha wenyewe namna yanavyotamkwa, kwa kuwa karatasi za timu hukosewa mara nyingi, na hakuna linalomuumiza mzazi aliyeko Kilifi au Vihiga kama kusikia jina la bintiye limeharibiwa hewani. Tena kaa na wazee wanaokuja kutazama mechi, maana kuna mambo ya miaka ya sitini na sabini ambayo wao peke yao wanayakumbuka.

Malipo hayajafika ninapotaka, na mechi za hoki runingani bado ni chache. Mwenye kutegemea kazi hii pekee kulipia kodi ya nyumba atahangaika, kwa hiyo sikuacha kazi ya ofisini. Hata hivyo msimu huu nimepewa mwenzangu wa kutangaza naye, mshambuliaji mstaafu ambaye zamani alinifunga mabao kadhaa. Yeye anausoma ushambuliaji, mimi ninausoma ulinzi, na kadi tunaziandika pamoja kando ya uwanja kabla wachezaji hawajavaa barakoa.