Mtaa wa Wachina wa San Francisco kabla ya moto wa 1906

Wengi wetu tunaoishi upande huu wa California tunapita Chinatown ya San Francisco kununua samaki na mboga, tena mbiombio. Naomba ndugu zangu mtazame picha za mtaa ule kabla haujateketea.

Alizipiga Arnold Genthe, Mjerumani aliyefika huko mwaka 1895 kumfundisha mtoto wa familia moja. Alizunguka na kamera ndogo aliyoificha, maana wakazi wengi hawakutaka kupigwa picha. Katika picha ya Ross Alley, uchochoro umejaa wanaume, kofia nyeusi bega kwa bega. Sheria ya 1875 iliwazuia wanawake wengi wa Kichina kuingia Marekani, na ile ya 1882 ikawafungia mlango vibarua, kwa hiyo aliyemwacha mkewe Guangdong, kusini mwa China, aliweza kuzeeka bila kumwona. Ndiyo maana wale watoto waliovishwa hariri siku ya sikukuu wananigusa sana. Walikuwa wachache mno.

Tetemeko la tarehe 18 Aprili 1906 na moto uliofuata viliumaliza mtaa huo. Studio ya Genthe nayo iliungua, ila negativu hizi zilikuwa zimewekwa kwingine, zikapona.

Kinachoniuma ni alivyozihariri baadaye. Mabango ya Kiingereza, nyaya, hata Wazungu waliokuwa wakipita, vingi alivifuta au kuvikata, ili mtaa uonekane kama kipande cha China, wakati ulikuwa katikati ya mji wa Marekani. Haya tunayajua. Mpiga picha akija kwenye sherehe yetu anatafuta ngoma na kitenge. Dada aliyetoka zamu moja kwa moja, bado na sare yake ya unesi, anaombwa asogee pembeni.

Kuna picha nyingine za wakati huo ambazo mimi nazithamini zaidi. Sheria ya 1892 iliwalazimisha vibarua wa Kichina kuwa na cheti cha ukaazi, na mwaka uliofuata ikaamriwa kibandikwe picha. Aliyekamatwa bila cheti aliweza kufungwa na kurudishwa kwao. Ni karatasi ya uonevu. Lakini humo mtu anaitazama kamera akijua anapigwa picha, na jina lake lipo, kazi yake, kimo chake, hata kovu lake.

Picha za Genthe ziko bure kwenye intaneti, Maktaba ya Bunge la Marekani. Mkishazitazama, tafuteni na vyeti.