Ukuta wa kiangazi, mtaro wa mvua: kumpima burgumestre kwa karatasi

Novemba mvua ikishika Lubumbashi, nchini Kongo, hakosi burgumestre (mkuu wa komini, yaani wa sehemu moja ya mji) aliyevaa buti, amesimama kwenye mtaro uliozibwa na ukuta wa mtu, watu wanampiga picha. Ukuta wenyewe ulijengwa kiangazi. Kama majirani walilalamika Juni, basi kiongozi apimwe kwa alichofanya Juni.

Ujenzi bila ruhusa husimamishwa ukiwa bado msingi. Ukishafika kwenye linta, mwenye nyumba anaharakisha mabati, hasa Jumamosi na Jumapili ofisi zikiwa zimefungwa, na hapo hakuna anayetaka kubomoa. Kwa hiyo hesabu siku: tangu barua ya malalamiko kupokelewa hadi mtu wa komini kufika kwenye kiwanja. Kuanzia hapo mpaka PV (hati rasmi ya alichokikuta mkaguzi) iandikwe. Halafu mpaka jibu litoke. Daftari la komini huenda usionyeshwe, lakini watu wa avenyu (barabara) moja wakikusanya nakala zao zenye mhuri, wana daftari lao. Wenye mwezi mzima kati ya mhuri na ziara ya kwanza wasidanganywe na hotuba.

Barua iwe fupi: komini, kartie (mtaa), avenyu, namba ya kiwanja, tarehe kazi ilipoanza, imefikia wapi (msingi, ukuta, paa), na madhara yenyewe. “Anatusumbua” haimsaidii mkaguzi. “Shimo la choo liko mita nne kutoka kisima chetu” inamsaidia, hasa ukiambatanisha picha yenye mita ya fundi imelazwa chini. Toa nakala tatu: ya komini, ya ofisi ya urbanizmu (mipango miji), na ya kwako. Hiyo ya kwako isitoke mlangoni bila mhuri, tarehe na jina la aliyepokea.

Malalamiko mengi hukwama kwa sababu yamechanganya mambo mawili. Ruhusa ya kujenga haisemi kiwanja ni cha nani. Jirani akisogeza mipaka, hiyo ni kazi ya kadasta (ofisi ya kupima na kuandikisha viwanja), na mkishindwa kuelewana ni mahakama. Akiwa ndani ya mipaka yake lakini anajenga juu ya mtaro au anaziba njia, hapo urbanizmu na komini wanahusika. Andika barua mbili.

Upande wa Annexe, komini ya pembezoni mwa mji, kuna tatizo lingine: mtu anaonyesha karatasi ya shefu wa kijiji na kudai ndiyo ruhusa. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, kifungu cha 53, ardhi ni mali ya Serikali peke yake. Karatasi hiyo haigeuki kuwa hati. Sahihi ya shefu wa kartie nayo haitoshi. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaupa mji na komini uwezo wa kujiendesha, lakini kartie haimo. Shefu wa kartie anaweza kushuhudia na kupeleka habari juu. Akikutoza pesa ya “ruhusa”, dai risiti, uone atakavyobadilika.

Rangi nyekundu ukutani, “Arrêt des travaux” (kazi isimamishwe), inaonekana ni ukali, lakini bila PV ni mapambo tu. Fundi anapaka chokaa usiku na asubuhi anaendelea. Uliza PV ina namba gani, nani alitia sahihi, na mwenye kiwanja alipewa nakala siku gani.

Komini ikinyamaza, kuna kifungu cha 27 cha Katiba: kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, anaweza kupeleka ombi kwa mamlaka, nayo inatakiwa kujibu ndani ya miezi 3. Kifungu hicho pia kinakataza kumshtaki mtu kwa kuandika ombi hilo, na majirani wanaoogopa kutia sahihi wasomewe sentensi hiyo kwanza. Kitajeni kwenye barua ya mwanzo kabisa. Msisubiri miezi hiyo iishe ndipo mpande kwa meya, maana kwa mwendo huo nyumba itakuwa na wapangaji. Mpeni nakala baada ya wiki mbili za kimya, mkiambatanisha fotokopi ya ile yenye mhuri wa komini.