Siku moja na walimu watarajiwa, Wete, Pemba

Saa 12 asubuhi. Chai na boflo, na rundo la maandalio ya somo ya wanafunzi wangu wa ualimu. La juu linasema: "Mwanafunzi aweze kutaja faida tano za mikoko." Hati safi, lakini mtoto anaweza kuzitaja zote tano asijue bonde la mpunga la kwao limekufa kwa nini.

Saa 2, chuoni. Napita haraka kwenye Muongo wa Elimu kwa Maendeleo Endelevu wa Umoja wa Mataifa, 2005 hadi 2014, na shabaha 4.7 ya Malengo ya Maendeleo Endelevu, inayotaka ifikapo 2030 kila mwanafunzi awe na maarifa na stadi za kuendeleza maendeleo hayo. Wanaandika. Kisha nauliza: nani kwao hutumika kuni za mkoko? Kimya, halafu mikono inanyanyuka mmoja mmoja. Kijana mwenye andalio lile anasema baba yake huchoma chokaa kwa kuni hizo. Somo la leo linaanzia hapo. Mwalimu hana haki ya kumwambia mtoto kuwa baba yake ni mharibifu, na pia hana haki ya kunyamaza. Basi aulize nini? Tunabishana mpaka kengele.

Saa 5, bamvua, maji yamekupwa. Tunashuka pwani, kijana anasomesha wenzake. Hataji faida hata moja. Anawaonesha mizizi ya mikoko ilivyoshika tope, kisha anawapeleka ukingo uliokatwa mpaka kwenye bonde lililoingia chumvi. "Bibi zenu walilima hapa. Kawaulizeni waliacha lini, na kwa nini." Nimefurahi mno. Hili lina uzito kuliko zile siku za kupanda miti, mtoto anashikishwa mche, anapigwa picha, na mche unakufa kwa kupandwa pasipofaa.

Sala, chakula.

Saa 9, skuli, zamu ya mchana. Darasa limejaa. Mtoto wa nyuma anauliza: "Mwalimu, tukiacha kukata, tupikie nini?" Mwanafunzi wangu wa ualimu, aliyekuwa akisomesha, hakukimbilia jibu. Aliandika ubaoni waliyoyataja wao: makumbi, mivinje, gesi. Wakapiga hesabu ya mtungi wa gesi na mizigo ya kuni ya mwezi. Walioona gesi ni ghali walieleza sababu, na hakuna aliyewazima.

Saa 1 na nusu usiku kijana ananipigia simu. Anataka kumwalika baba yake skuli aeleze kazi ya chokaa, na kuni alizipata wapi zamani na anazipata wapi sasa. Nimemwambia aombe ruhusa kwa mwalimu mkuu asubuhi, na watoto watunge maswali yao wenyewe kabla mzee hajafika.