Lawama za Bei ya Petroli Zimwangukie Nani?

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya kituo cha mafuta wakati dereva aliyekuwa mbele yangu alipomfokea mhudumu kwa sababu bei ilikuwa imepanda usiku. Mhudumu hakujibu. Aliendelea kushika mpira wa pampu, macho yake yakifuata tarakimu zilizokuwa zikikimbia, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kutukanwa mara kadhaa tangu asubuhi. Kati ya wote wanaohusika na bei ya petroli, yeye ndiye asiye na kauli yoyote, na ndiye pekee ambaye sauti zetu zinamfikia.

Wengi wetu husema kwamba chanzo ni tamaa ya makampuni. Tamaa ipo, lakini haielezi mengi. Mwezi Julai 2008 pipa la mafuta ghafi, yaani lita 159, lilivuka dola 147 za Marekani, na kabla ya mwaka kwisha lilikuwa limeshuka chini ya dola 40. Wenye makampuni hawakugeuka watakatifu katika miezi mitano hiyo. Msukosuko wa fedha uliikumba dunia, viwanda vikapunguza kazi, na mahitaji ya mafuta yakaporomoka. Mwezi Aprili 2020, safari ziliposimama kwa sababu ya korona na maghala yakaanza kufurika, bei ya mikataba ya mafuta ghafi ya Marekani ilishuka chini ya sifuri kwa siku moja, kwa maana kwamba muuzaji alikuwa radhi kumlipa mtu ili ayachukue.

Hata hivyo, soko si mvua inayonyesha bila kuamriwa na mtu. Nchi za OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta nje ulioundwa Baghdad mwaka 1960, hukutana na washirika wao, Urusi ikiwamo, na kukubaliana wachimbe kiasi gani. Wakipunguza ili bei ipande, huo ni uamuzi wa watu wanaojulikana. Serikali nazo zina fungu lao. Katika nchi nyingi za Ulaya kodi hukaribia nusu ya kile anachokilipa mnunuzi, na kwa kuwa mafuta huuzwa kwa dola, nchi ambayo sarafu yake imedhoofika hulipa zaidi hata pale ambapo bei ya pipa haijatikisika. Waziri anayetaja vita vya mbali na kuinyamazia kodi yake mwenyewe anasema kweli nusu.

Lakini malalamiko yangu makubwa yako kwingine. Bei ya mafuta ghafi ikipanda, pampu hupanda mara moja. Ikishuka, pampu hujikokota, jambo ambalo wachumi wamelichunguza kwa miaka mingi katika nchi mbalimbali. Muuzaji anapoulizwa kwa nini hashushi, hujibu kwamba shehena aliyo nayo aliinunua kwa bei ya juu na lazima aimalize kwanza. Jibu hilo lingekuwa la haki kama angelishika pande zote mbili, kwa kuwa siku bei inapopanda huwa pia ana shehena, aliyoinunua kwa bei nafuu, na sijapata kumsikia akisema aimalize kwanza. Hapo sioni OPEC wala vita. Naona mtu wa karibu, anayeweza kuulizwa na mamlaka ya udhibiti, kama mamlaka hiyo inataka kuuliza.

Zamu yangu ilipofika nilimuuliza mhudumu huwa anaijuaje bei mpya. Alisema huletewa ujumbe kwa simu usiku, kisha hubadilisha tarakimu za bango kabla ya gari la kwanza kuingia. Nikamuuliza kuhusu mafuta yaliyokuwa kwenye tangi, chini ya miguu yetu. Yalishushwa siku tatu kabla, akasema, akanirudishia kifuniko changu.