Sensa ya mlango juu ya tangi la maji

Hizi sensa za mlango za bei ya chini, zisizo na waya, zinazouzwa Makoroboi, Mwanza, nazipenda kwa sababu hazina habari na mlango. Zinajua jambo moja tu: njia ya umeme imeungana au imeachana. Ukifungua kasha kwa ncha ya kisu unakuta betri ndogo ya volti 12, ile ya rimoti za geti, na swichi ya sumaku: kijibomba cha kioo, ndani yake vipande viwili vyembamba vya chuma. Sumaku ikiwa karibu vinashikana. Ikienda zake vinaachana, na sensa inarusha taarifa kwa mawimbi ya megahezi 433 hadi kwenye kengele.

Basi chochote kinachoweza kuunganisha na kuachanisha waya mbili kinaweza kuwa mlango wake. Mimi nimechagua tangi la mama mdogo, Mabatini, juu kwenye mawe. Maji mtaani kwake huja usiku, na yeye ndiye huamka kwenda kugonga tangi asikie limefika wapi. Akipitiwa na usingizi yanamwagika, yanateremka mwambani hadi uani kwa majirani.

Nilitoa ile swichi ya kioo taratibu (ukikunja miguu yake karibu na kioo, kinapasuka), nikalehemu waya mbili mahali pake, nikazipeleka kwenye swichi ya boya. Boya lenyewe lina sumaku ndani, na kishina chake kina kijibomba kilekile. Jinsi lilivyotoka dukani, likipanda linaunganisha, wakati sensa hupiga kelele pale njia inapoachana. Dawa ni kuchomoa kile kibano cha chini ya kishina, kuligeuza boya juu chini na kulirudisha. Hapo ndipo moyo wangu uliporuka.

Mawe ya Mwanza, lakini, hayapitishi mawimbi kirahisi. Kengele ilikuwa kimya hadi nilipoiongezea waya ulionyooka wa sentimita 17 hivi, robo ya urefu wa wimbi. Ikalia mpaka jikoni.

"Mwanangu, na hii nikiifunga mlango wa mbele?" mama mdogo akaniuliza.

"Hapana mama. Hiyo ibaki kwa maji."

Nilimweleza kwa nini. Nyingi ya sensa hizi hutuma namba ileile kila mara, ile ambayo kengele huzitambua kwayo. Namba zinazowezekana ni zaidi ya milioni moja, lakini mwenye kifaa cha kupokea na kurusha mawimbi hayo anaweza kuinasa na kuirudia. Tena sensa haiulizi kama kengele imesikia. Kulinda nyumba kwa kifaa cha namna hiyo sikubali.

Anataka na ya pili, ya kumwambia maji yanakaribia kuisha. Hiyo itakaa chini kabisa, na boya lake sitaligeuza: maji yakishuka, nalo linashuka, njia inaachana. Waya ninazo, nimebakiza kununua boya.