Siku moja na seva: saa kwa saa, skripti kwa skripti

Saa 1 asubuhi. Kazi ya kwanza ni ripoti ya bakapu. Seva inafuata saa ya UTC (saa ya kimataifa), iliyo nyuma ya Dar es Salaam kwa saa 3, kwa hiyo bakapu ya saa 8 usiku imeandikwa kwenye crontab (orodha ya kazi ambazo programu ya cron inaziendesha kwa saa zake) `0 23 * * *`. Skripti inaanza na `set -euo pipefail`, na hilo neno la mwisho usiliache kamwe. Bila hilo, mysqldump (programu inayonakili hifadhidata ya MySQL) ikishindwa katikati, `mysqldump | gzip` bado inarudisha 0, yaani mafanikio, kwa sababu gzip, inayobana faili, imemaliza salama. Skripti inaendelea kana kwamba yote ni sawa, na wewe unahifadhi faili nusu ukidhani una bakapu. Weka pia `--single-transaction`, majedwali ya InnoDB (injini ya kuhifadhi data ya MySQL) yasifungwe watu wakiwa wanaandika.

Saa 3. `df`, inayopima nafasi ya diski, inasema imejaa; `du`, inayojumlisha ukubwa wa faili, haioni kilichoijaza. Mara nyingi kuna mtu amefuta logi kwa `rm` huku Nginx, programu inayohudumia tovuti, ikiwa bado imeishikilia. `lsof +L1` itaionyesha. `nginx -s reopen` itaiachia. Kazi ya kuzungusha logi iachieni logrotate.

Saa 5. Mipangilio mipya ya Nginx inakaguliwa kwanza, ndipo inapakiwa: `nginx -t && systemctl reload nginx`. Ukitumia restart na faili lina kosa, tovuti zote zinazimika.

Saa 8 mchana. Skripti inakubali ukiiendesha kwa mkono, kwenye cron inagoma. Kwenye Debian, PATH (orodha ya folda ambamo programu hutafutwa) ya crontab ya mtumiaji ni `/usr/bin:/bin` tu, basi andika njia kamili ya kila programu. Tena, ndani ya crontab alama ya % inahesabiwa kuwa mstari mpya: `date +%F` iandikwe `date +\%F`. Kazi inayoweza kuchelewa itanguliziwe `flock -n`, kufuli inayozuia nakala ya pili kuanza, zisije zikapandana mbili.

Saa 10. Vyeti vya HTTPS vya Let's Encrypt vya siku 90: programu ya certbot huvihuisha zikibaki 30. Lakini cheti kipya kikiwa kwenye diski, Nginx inaendelea kutoa cha zamani mpaka ifanyiwe reload, ndiyo maana ya `--deploy-hook`, amri ambayo certbot huiendesha baada ya kuhuisha. Kagua kile mgeni anachopewa kwa `openssl s_client`, si faili lililoko kwenye folda.

Saa 11 jioni. Bakapu ya usiku inafunguliwa: `zcat` ikipelekwa `tail -n 1` lazima ionyeshe `-- Dump completed`. Kisha inarejeshwa yote kwenye hifadhidata ya majaribio, na idadi ya safu mlalo za majedwali inalinganishwa na ile iliyohesabiwa bakapu ilipochukuliwa.